Mkalimani wa Neno Moja

Jumatatu, 7 Machi 1938. Same.

Nimejiponza. Bwana Shauri, afisa wetu wa Kiingereza, ameuliza barazani nani anajua Kimasai, maana Jumamosi wazee wa Kimasai wanakuja kwa shauri la maji: ng'ombe wao wanakanyaga mfereji wetu Wapare. Binamu yangu Hezroni akaanza kuinua mkono. Hezroni, avae kofia ya mkalimani! Nikamuwahi. Nikasema Kimasai nimekinyonya kwa mama. Bwana Shauri akafurahi, kisha akaongeza kwamba anayeidanganya serikali hulala korokoroni.

Najua neno moja tu. Kule. Kwetu maana yake ni huko mbali, kwao ni maziwa. 

Jumanne, 8 Machi.

Nimepata njia! Kama kule liko kwetu na kwao, basi mengine yapo pia. Ni kuyaokota tu, kujifunza kwa nini? Sokoni nikamshika mama wa Kimasai muuza maziwa, nikamtajia kila kilichokuwa mbele yetu. Kitunguu, hapana. Ungo, hapana. Papa mkavu wa Tanga, akacheka. Kwao papa ni baba.

La pili! Furaha ikaishia mlangoni. Mke wangu Lea ameuliza kesi ya maji nitaitafsiri vipi kwa baba na maziwa.  

Alhamisi, 10 Machi.

La tatu sijalipata. Karani wa Bwana Shauri anasema hata Same, lile la kwenye ubao wa stesheni, Waingereza wanalo, na kwao maana yake ni sawasawa. Hakuna kilicho sawasawa. Nimeota mikuki.

Lakini akili ninayo. Nimepanda mlimani kwa mjomba Eliufoo, mtunza baragumu la msaragambo, kazi yetu ya pamoja. Nikampa shikamoo mbili, nikamwambia ukuta wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia, umepasuka. Atapuliza Jumamosi asubuhi. Likilia, kila mwanamume huenda kazini na jembe. Asiyekwenda hutozwa mbuzi. Barazani hatabaki Mpare. Shauri litaahirishwa!

Jumamosi, 12 Machi.

Ee Mungu. Baragumu limelia wazee wa Kimasai wakiwa wameshaketi. Sikufikiria kwamba njia ya kwenda ndiva inapita barazani. Wapare wakateremka mbio, majembe juu, mapanga juu. Wamasai wakaona vita, wakashika mikuki. Bwana Shauri akaniamuru niwaeleze. Hata kule sikulikumbuka. Nikaingia chini ya meza. Hezroni ndiye aliyewaeleza, polepole, kwamba ni wito wa kazi tu. Wakaketi.

Nikadhani yamekwisha. Mjomba Eliufoo akanitoa chini ya meza, akanipeleka hadi ukingoni mwa ndiva. Ukuta mzima. Wanaume wote wamesimama na majembe yao.

"Mpwa wangu," akasema, "nionyeshe huo ufa."

Heri ya mikuki.

Jumatatu, 14 Machi.

Mbuzi wangu ameliwa. Tope la ndiva nalizoa peke yangu, adhabu ya wazee. Korokoroni nimenusurika; Bwana Shauri amesema kwa mtu wa chini ya meza aibu inatosha.

Leo Hezroni kapita na kofia, na imemkaa vizuri, nikaumia. Akasema sasa anatafutwa mkalimani wa Kihindi, kwa kesi ya wenye maduka. Yeye hakijui, na amekiri hivyo ofisini. Mjinga! Nikaacha tope, nikakimbia. Bwana Shauri yuko safarini. Karani kaandika jina langu.

Neno ninalo tayari: dada. Kwao ni babu. Kesi ni keshokutwa. Lugha yenyewe naona si ngumu.