Ushuhuda wa Mama Fifi Mbele ya Mkaguzi

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto. Tena dukani kwangu mwenyewe, mchana kweupe!

Kwa msionijua: mimi ni Baba Neema, Mtanzania, nina kiduka chini ya ghorofa moja kuukuu hapa mtaa wa Berea, huku kusini mwa Afrika. Nauza sabuni, vocha, nywele za bandia, na siku hizi mafuta ya hempu. Hempu ni ndugu yake bangi, ila yule mpole asiyelewesha mtu. Sisi wenye maduka madogo tumeelezwa hivi: mafuta ya kupaka, uza. Kusema yanatibu ni marufuku, mpaka yasajiliwe kama dawa. Ukikutwa unayasifia, mzigo unabebwa.

Na mzigo huo ndio kila kitu nilicho nacho. Akiba yangu yote iliishia Fordsburg kwa muuzaji wa jumla. Ukibebwa, nafunga duka, narudi kulinda magari ya watu.

Asubuhi jirani yangu mwenye spaza, kile kiduka cha vyakula, akanipigia simu. "Eish, Baba Neema, mkaguzi yuko hapo kwenye roboti, anasubiri kuvuka!" (Roboti huku ni taa za barabarani.)

Nikaruka. Ukutani nilikuwa nimebandika karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu: MAGOTI, MGONGO, PRESHA, YOTE KWISHA. (Ndiyo, na presha. Msinitazame hivyo.) Nikaibandua, nikaichana, nikaitupa chooni.

Akaingia dada mmoja, kitambulisho kifuani, jina la Kizulu, uso mkavu. Akaniuliza kwa Kiingereza kilichonyooka, "Haya mafuta ni ya nini?"

"Ya ngozi tu. Kulainisha."

"Hayatibu kitu?"

"Hayatibu hata mafua!"

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kusoma chupa mojamoja. Nilikuwa nimeshashinda, wadau. Nilishaanza hata kupiga mluzi.

Ndipo akaingia Mama Fifi.

Mama Fifi ni Mkongo wa Bukavu, anasuka nywele Hillbrow, na kanisani kwetu haipiti Jumapili bila yeye kutoa ushuhuda. Akiona watu wawili wamesimama pamoja, kwake hilo ni kusanyiko. Akamwona yule dada ameshika chupa. Nikamkonyeza, hakuona. Nikakohoa. "Pole, Baba Neema," akasema, kisha akainua mkono juu.

"Bwana asifiwe! Mama, hiyo mafuta nunua! Miye goti yangu ilikuwa imekufa kabisa, hata ngazi sikuweza kupanda. Nilipakaa tu, angalia!"

Akachuchumaa. Akainuka. Akachuchumaa tena. Akaruka! Sabuni zikadondoka.

"Anasema nini?" mkaguzi akaniuliza kwa Kiingereza.

Hapo ndipo shetani aliponipitia. Nikajiambia, huyu Mzulu Kiswahili atakitoa wapi?

"Anasema yananukia vizuri," nikatafsiri.

"Na kule kuchuchumaa?"

"Ni ngoma ya kwao. Wakipenda harufu, hucheza."

Akauma mdomo. "Endelea."

Sasa, kanisani kwetu anayetoa ushuhuda huwa na mkalimani pembeni. Mama Fifi kuona natafsiri, akajua kazi imeanza. Akapata nguvu mpya.

"Mwambie hata mgongo ya bwana yangu ilipona! Hata mtoto ya dada yangu, alikuwa anakojoa kitandani, ikaisha!"

"Anasema... mume wake pia anapenda harufu. Na mtoto wa dada yake."

Yule dada akaiweka chupa chini taratibu. Akamgeukia Mama Fifi, akasema kwa Kiswahili kitamu kuliko changu:

"Shikamoo, mama. Hongera kwa goti. Nani alikuambia haya mafuta yanatibu?"

Mama Fifi akanionyesha kwa kidevu, kwa fahari kabisa. "Si ni huyu baba!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nimezaliwa Morogoro, kaka," mkaguzi akaniambia. "Baba alikuwa uhamishoni kule enzi za ubaguzi. Mama yangu Mluguru. Lakini hiyo ngoma ya harufu ndiyo naisikia leo."

Nikaanza kuomba msamaha kwa lugha zote nilizobakiwa nazo. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mzigo wako sichukui. Chupa hazina kosa, mwenye kosa ni mdomo wako. Sasa mwambie mama ukweli, nikisikia."

Mlangoni wanakwaya wenzake Mama Fifi walikuwa wameshajaa. (Sijui nani aliwaita. Aibu ina matangazo yake.) Nikamgeukia Mama Fifi.

"Mama Fifi, haya mafuta hayatibu. Yanalainisha ngozi tu."

"Na mgongo?"

"Hayatibu."

"Na kitanda ya mtoto?"

"Hayatibu, mama!"

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Baba Neema, acha woga. Goti ni yangu miye." Akanunua chupa mbili, na wenzake wakapanga foleni nyuma yake. Mkaguzi alitoka akicheka huku anafuta machozi.

Kwa hiyo duka liko wazi, mzigo umesalimika, na mimi, ukiondoa heshima, nimebaki na furaha tele. Nimeuza leo kuliko wiki nzima, tena kwa kusema ukweli!

Ombi langu ni moja tu. Mkipita hapa dukani, msinicheke kwa Kiswahili. Mji huu kila mtu anaelewa.