Mashine Yenu Imeniachia Maneno Mawili Mkononi

Ndugu Meneja wa Kliniki ya Ngozi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama una tatuu, natumaini ulikwenda kufutiwa kwingine.

KUH: MASHINE YA LEZA PAMOJA NA FUNDI WAKE

Mimi ni yule mteja wa kiti cha dirishani ambaye mpokezi wenu sasa ananiita Mwenyeji kwa jinsi ninavyoshinda hapo. Nilikuja kufutiwa tatuu ya mkono wa kushoto: jina la utani la mwanamke niliyeachana naye zamani, likifuatwa na maneno WANGU MILELE. Mchumba wangu wa sasa alikuwa ameniambia kwa upole, "Hilo jina lisipotoka, natoka mimi."

Jina lilifutika vizuri, nawashukuru. Kisha mashine ikazimika. Naomba kulalamika kwa utaratibu:

1. Fundi alisema taa imekufa. Alinieleza kwa subira kwamba ndani ya mashine mna taa ya kioo inayomulika kama radi, na mwako wake ndio unaozaa leza. Kioo hicho hakitaki hata jasho la kidole. Akafunga taa mpya kwa vidole vilivyotoka kula chipsi. Ilipasuka kabla ya kumulika hata mara moja. "Afadhali," akasema, "sasa tumejua tatizo si taa." Nilifarijika sana.

2. Iliyofuata aliifunga kwa glavu. Kimya. Akahamia kwenye maji ya kupozea taa, akakuta mtu ametia maji ya bomba badala ya maji ya betri. Mtu huyo alikuwa yeye. Alijikaripia vikali mbele yangu, kisha akajisamehe.

3. Ndipo akafika kwenye pawa saplai, lile sanduku linaloipa taa umeme. Lilikuwa linalia tik, tik, tik, bila kuwasha kitu. Akachomoa waya ukutani, akatangaza kwamba umeme umeisha. Umeme wenyewe haukuwa na habari hiyo. Ulikuwa umejaa tele kwenye kapasita, kile kikopo kinachohifadhi umeme hata waya ukichomolewa, ukingoja bisibisi yake. Ulitoka mlio mpaka mpokezi akaingia chini ya meza. Mimi nilikuwa nimelala na ile miwani nyeusi machoni, nikadhani nimefutwa mzima mzima. "Sasa tumepata pa kuanzia," alisema fundi, akiwa sakafuni.

4. Jumapili nilikwenda kutambulishwa ukweni. Joto lilikuwa kali, nikakunja mikono ya shati bila kufikiri. Shangazi wa mchumba wangu, mwalimu mstaafu, akasoma kwa sauti ya darasani: "Wangu milele." Akanitazama juu mpaka chini. "Wangu nani?"

Nilijibu ukweli, kwamba pawa saplai imeharibika. Baba mkwe akaomba maji ya kunywa. Mchumba wangu hajaniongelesha vizuri tangu siku hiyo.

Kwa hiyo naomba fundi aende ukweni, akiwa amevaa koti, akamweleze shangazi habari za kapasita. Asipoeleweka, kliniki itoe mwanamume mwingine wa kuoa, mwenye mkono safi, maana harusi imeshatangazwa na wageni hawana kosa. Na mashine itolewe uani, ivunjwevunjwe. Fundi ndiye asimamie, kwani hiyo ni kazi ambayo tayari ana uzoefu nayo. Baada ya hapo naye apewe likizo ndefu, isiyo na tarehe ya kurudi.

Nisalimieni mpokezi, muuguzi wa dawa ya kupaka, na wote wenye majina nusu nusu pale kwenye benchi.

Ni mimi, ambaye bado nangoja,
Mwenyeji

N.B. Nimemsomea mchumba wangu barua hii kabla ya kuituma. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akavua soksi. Miaka yote nilidhani anaogopa baridi ya miguu. Juu ya kifundo kuna jina la mwanamume, refu kuliko lile lililofutwa mkononi mwangu, lenye kopa kila upande. Tafadhali mashine isiguswe na nyundo, na fundi asiende likizo. Mwambieni afanye kazi taratibu, bila haraka yoyote. Tutakuja wawili.