Seva Yenye Namba Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Leo Mwalimu Taratibu ametangaza kwamba Ijumaa atamtaja kiranja wa chumba cha kompyuta. (Taratibu si jina lake. Anatufundisha kompyuta, na tangu tumjue hajamaliza sentensi bila neno hilo.) Kiranja ndiye atakayekaa na ufunguo. Ufunguo una kamba ya buluu na huvaliwa shingoni. Nimeutazama kipindi kizima.

Tunaofikiriwa ni wawili, mimi na Kamusi. Kamusi ni msichana wa dawati la mbele ambaye hata walimu humgeukia wakisahau kitu. Si mbaya. Anakera tu.

Ijumaa hiyohiyo wageni wa bodi ya shule watakuja kuiona maktaba yetu ya masomo. Maktaba yenyewe haina rafu. Imo ndani ya seva, sanduku jeusi linalonguruma pale kwenye kona, na kompyuta zote za chumba huisoma kupitia mtandao. Juu ya mlango imefungwa ruta mpya, kile kifaa kinachosambaza mtandao, kwa hiyo seva nayo ilihitaji anwani mpya. Kamusi amepewa kazi ya kupanga nyaya na kuzibandika vibandiko. Mimi nimepewa seva!

Mwalimu alieleza kwamba simu na kompyuta za kawaida hugawiwa anwani na ruta yenyewe, kila moja yake. Seva haigawiwi. Huandikiwa kwa mkono na hubaki na anwani hiyohiyo siku zote, ili watu wajue pa kuipata. Akasema tuchague namba isiyosahaulika. Kisha akaendelea ubaoni kuhusu namba zipi ni za ruta na tusiziguse, lakini wakati huo nilikuwa nimeshapata yangu.

114. Ni namba yangu ya shule. Imeandikwa kwenye kola ya sare yangu, kwenye kikombe changu na chini ya kiti changu. Hata nikiondoka hapa, watoto ambao bado hawajazaliwa wataandika 114 ndipo wasome. Sijamwambia mtu. Nimefungua faili la mipangilio, nimeandika, nimehifadhi, nimeiwasha seva upya. Mwalimu alikuwa amesema kwanza tutengeneze nakala ya faili la zamani. Sikuona haja, na jipya lilivyokuwa zuri.

Maktaba ikafunguka papo hapo. Mwalimu akasema taratibu, taratibu, vizuri.

Jumanne, 4 Juni

Karatasi za maelekezo zimebandikwa kwenye kila meza. Ili kufungua maktaba, andika anwani hii. Mwisho wake, kwa herufi nene: 114. Nimepita meza zote kuzinyoosha, hata zilizokuwa zimenyooka.

Kabla ya mapumziko maktaba ikafa. Kompyuta zote kwa pamoja, skrini nyeupe kama sahani.

Mwalimu alitufundisha amri ya kupima mtandao. Unaipigia hodi anwani ya mashine, na mashine ikiwa hai inaitika. Nikapiga hodi 114. Ikaitika vizuri, haraka, bila kusita. Lakini maktaba haikufunguka! Kama mtu anayeitika karibu kutoka ndani na mlango hafungui.

Seva ikiitika, basi kosa si la seva. Na kama si la seva, si langu. Zinabaki nyaya. Nikamwendea Mwalimu na kumwambia kwa upole, bila kumtaja mtu, kwamba pengine kuna aliyebandika vibandiko kwa pupa. Akamtuma Kamusi akague nyaya zote tena.

Kamusi akaingia chini ya meza. Hata hajatulia, maktaba ikarudi. Nikamshukuru mbele ya darasa kwa kurekebisha kosa lake. Sauti ikatoka chini ya meza ikisema hajashika kitu bado.

Jumatano, 5 Juni

Imekufa mara mbili leo. Kamusi amechomoa na kuchomeka mpaka mikono imejaa vumbi, akaja kuniuliza seva nimeipa mipangilio gani. Nikamjibu ya kawaida. Akaniita fundi mkuu. Hakusema kwa heshima.

Lakini nimegundua jambo, na sikulitafuta. Nilikuwa nimekaa tu, natazama mlango. Mwalimu mkuu akaingia. Maktaba ikafa. Mwalimu mkuu akatoka. Maktaba ikarudi. Alasiri akaja tena, na mambo yakawa vilevile.

Mwalimu mkuu ni mpole, mnene, na anapenda maua. Tangu ruta mpya ifungwe huja chumbani kwetu kwa sababu mtandao haufiki ofisini kwake, ng'ambo ya uwanja. Husimama karibu na dirisha na kumtumia dada yake picha za maua ya bustani ya shule. Dada yake anaishi mbali na humjibu kwa kumwambia ayamwagilie.

Nyumbani nikamweleza bibi, ambaye nalala naye chumba kimoja na hunisikiliza mpaka mwisho. Hakushangaa hata kidogo. Alisema kuna watu wazito. Zamani kiwandani kwao kulikuwa na msimamizi ambaye akipita tu, nyuzi zinakatika kwenye cherehani.

"Huyo mwalimu wenu hata nyaya zinamwogopa, mjukuu wangu," alisema. "Mwekeni mbali nazo."

Mama akasema kutoka jikoni kwamba nyuzi zilikuwa zinakatika kwa sababu bibi alikuwa akimtazama yule msimamizi badala ya kutazama kazi. Bibi akajifanya hasikii vizuri.

Nimelala na mpango.

Alhamisi, 6 Juni

Asubuhi nilikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu, soksi zimevutwa juu. Nikamwambia kwamba sisi wanafunzi tumeona, kwa heshima zote, kuwa mtu wa hadhi yake ndiye anayefaa kuwapokea wageni langoni. Palepale kwenye maua. Na abaki hapo, wengine wapate kumwona.

Aliguswa. Akavua miwani, akaifuta. Akasema ni wazo zuri sana, na kwamba atawapokea langoni kisha atawaongoza yeye mwenyewe mpaka chumba cha kompyuta, wala hatawaacha hata kidogo.

Nikamshukuru. Sikujua la kufanya na uso wangu.

Alasiri maktaba ikafa tena, na mwalimu mkuu hakuwemo chumbani! Nikaona mpango wangu wote ulikuwa wa bure. Kamusi, ambaye hajui kukata tamaa wala kunyamaza, akaenda kwenye kona na kuchomoa waya wa mtandao wa seva. Akaushika mkononi. Akaniambia nipige hodi 114.

Nikapiga. Ikaitika.

Tukatazamana. Waya mkononi mwake, seva imekatwa kabisa na dunia, na bado kuna kitu kinaitika kwa anwani yake. Kamusi akasogea kwangu bila kujua kama anasogea.

Hodi ikaendelea kuitikiwa, kisha ikakatika. Kamusi akachungulia dirishani. Mwalimu mkuu alikuwa anaondoka taratibu, simu mkononi. Alikuwa amechutama nje ya ukuta wetu akipiga picha ua la manjano.

Si yeye. Ni simu yake. Kamusi akapata yote palepale, kwa sauti, kama anasoma. Ruta imeigawia ile simu anwani ambayo seva imeshajiandikia. Simu ikikaribia, wenye anwani moja wanakuwa wawili, na kompyuta zikiita maktaba, simu ndiyo inayoitika. Simu haina maktaba. Ina maua. Akauliza kwani niliandika namba iliyo kwenye fungu la ruta, ile Mwalimu aliyotukataza ubaoni. Kisha akatazama karatasi ya mezani. Kisha akatazama kola yangu.

"Hiyo si namba yako?"

Nikasema ni bahati tu.

Hakucheka. Ningependa angecheka. Alisema ni kazi ndogo, tubadilishe namba ya seva na kuchapisha karatasi upya, na Mwalimu hahitaji kujua ilitoka wapi. Nikatazama meza zote. 114, 114, 114, zimenyooka. Nikamwambia nitalishughulikia mwenyewe kabla wageni hawajafika.

Sikusema nitabadilisha. Nilisema nitalishughulikia. Tatizo si seva. Tatizo ni simu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimechoka. Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi nikarudi kwa mwalimu mkuu. Nikamwambia wageni wa bodi hufurahi wakimwona mwenyeji hana simu mkononi, na kwamba pengine angeiacha ofisini. Akasema shule ina bahati kuwa na mtoto anayefikiria mambo kama haya. Nikatoka natembea juu ya hewa. Mpango safi! Seva inabaki na namba yangu, simu inabaki ng'ambo ya uwanja. Kamusi aliponiuliza kama nimeshalishughulikia, nikamjibu ndiyo.

Wageni wakaja. Mwalimu mkuu akawaongoza kutoka langoni, maua kushoto, maua kulia. Mlangoni kwetu akasimama na kuniita mbele ya watu wote. Akawaambia wageni kwamba mtoto huyu ndiye aliyemfundisha adabu ya kuweka simu kando. Wageni wakatabasamu. Kisha akatoa simu mfukoni.

Ofisini hakuna usalama, alisema, mlango haufungi vizuri. Akaniwekea mkononi.

"Kaa nayo wewe, mwanangu. Usiizime, dada yangu anaweza kupiga."

Nikaingia nayo chumbani. Ningefanya nini? Ilikuwa imefungwa kwa nywila, siwezi kugusa chochote. Nikaitia mfuko wa sketi na kuifunika kwa mkono wangu, kama vile mkono unazuia mtandao. Mwenyekiti wa bodi, mama mmoja mwenye kilemba, akaketi kwenye kompyuta ya kwanza. Akaisoma karatasi. Akaandika anwani polepole, kwa kidole kimoja. 1. 1. 4.

Skrini nyeupe.

Mwalimu Taratibu akasema taratibu, ijaribu tena. Nyeupe. Wageni wengine wakajaribu. Nyeupe, nyeupe. Mwalimu alikuwa akitokwa na jasho kwenye paji la uso, na nikajua kwamba asipoonyesha kitu leo, bodi itaona chumba hiki hakina maana. Ni chumba ninachokipenda kuliko vyote. Kamusi akanitazama. Nikatazama mfuko wangu. Akafuata macho yangu.

Alinionyesha mlango kwa kidevu tu.

Nikatoka. Kwanza kwa adabu, halafu mbio. Nikakatiza uwanja mpaka kwenye mabomba ya maji, mbali kabisa, na nikasimama pale na simu ya mwalimu mkuu kama niliyeshikishwa mtoto wa watu. Hapo mtandao wa shule haufiki. Baada ya muda nikasikia makofi kutoka madirishani. Halafu makofi tena, marefu zaidi. Nilijua hayo ya pili ni ya nini.

Dada yake hakupiga.

Niliporudi wageni walikuwa wanaagana na maua. Kamusi alikuwa na kamba ya buluu shingoni. Inampendeza, na hilo ndilo baya zaidi. Alikuwa ameketi mbele ya seva pamoja na Mwalimu na ameshaipa namba 10, iliyo mbali na fungu la ruta. Mwalimu alikuwa anauliza hiyo 114 ilitoka wapi hasa.

Kamusi akasema ni namba tu kama namba nyingine.

Kisha akamwambia kwamba mimi ndiye niliyetambua kuwa simu ndiyo tatizo na kuitoa nje, nikakosa sherehe yote. Mwalimu akanitazama kwa muda mrefu. Akasema taratibu, taratibu, na akaninyooshea mkono tusalimiane kama watu wazima.

Karatasi za zamani zimebanduliwa. Nilisaidia kuzibandua. Moja iko chini ya mto wangu. Bibi ameuliza ni ya nini, nikamwambia ni ya masomo.

Jumatatu, 10 Juni

Mapumziko ya mwisho wa juma yamenipa nafasi ya kutafakari kwa kina makosa yangu. Nimeyaona wazi. Kosa lilikuwa simu ya mwalimu mkuu.

Kuhusu Kamusi, nimefikiria pia kwa nini alinifichia siri. Nadhani ananiogopa.

Leo maktaba haijafa hata mara moja. Mwalimu mkuu amesimama dirishani kipindi kizima akituma picha, na seva imenguruma tu kwenye kona na namba yake 10, namba isiyo ya mtu yeyote. Kamusi amefungua mlango kwa ufunguo, akaniachia nitangulie kuingia. Nikasema asante, kiranja. Akaniambia nisianze.

Na kuna habari! Mwalimu Taratibu amesema bodi imefurahi na imetuletea printa, itakayotumiwa na chumba kizima. Printa nayo huandikiwa anwani kwa mkono, ili watu wajue pa kuipata. Akauliza nani ataifunga. Kamusi, bila kugeuka, akanionyesha mimi kwa kidevu.

Mwalimu akaanza kuandika ubaoni zile namba za ruta. Ninazijua tayari, sikuona haja ya kuzinakili.

Nimekaa na printa peke yangu alasiri yote. Ni nyeupe, safi, haijafanya kosa lolote maishani. Nimekumbuka kwamba seva ilishaiachia 114. Namba nzuri hivyo, imekaa bure, haina mwenyewe. Ningemwachia nani?