Pua Rasmi za Kitengela

Wananchi wa Kitengela mnaarifiwa kwamba harufu mbaya ya mji wenu imepimwa, imechorewa ramani, na chanzo chake kimepatikana. Ni sufuria ya matumbo ya Nduta.

Mimi Kiama, Katibu wa Kamati ya Vipimo vya Harufu, nilisimamia kazi hiyo. Wachochezi walidai uvundo unatoka mabwawa ya majitaka. Sisi hatufuati uvumi. Tuliteua pua zenye uzoefu, yaani wafanyakazi walioshinda kando ya mabwawa hayo tangu yachimbwe. Walisimama ukingoni, wakavuta pumzi, wakaripoti hewa safi. Walipofika hoteli ya Nduta wakaanza kumeza mate. Kompyuta ikapiga hesabu: mabwawa sifuri, sufuria asilimia mia.

"Kiama, hii sufuria ndio inasomesha watoto wangu," Nduta alilia. "Na wewe unakula hapa kila siku!"

"Mama, hapa tunaongea sayansi."

"Sayansi gani, na umeziba pua ukiangalia mabwawa?"

Nilimhurumia, sifichi. Lakini huruma haina kipimo, nikatia jikoni kwake kufuli.

Mkurugenzi wetu, Mzee Mburu, aliiamini ramani hata akajenga nyumba karibu na mabwawa, penye sifuri. Jumamosi moja akawapokea hapo wakwe kutoka Loitokitok, waliokuja kuzungumza mahari ya bintiye, Nyakio. Nyama ilipoandaliwa tu, upepo ukageuka. Mzee Parmuat, baba wa kijana anayeposa, akarudisha mfupa kwenye sinia.

"Mburu," akauliza kwa upole, "hii mbuzi ilikufa lini?"

Nyakio akafunika uso. Mkurugenzi akanipigia simu. "Kiama! Kuja utafute hii harufu inatoka wapi!"

Nikafika na pua rasmi. Zikanusa upande wa mabwawa: safi. Zikanusa jikoni kwake: mate.

"Ni mabwawa, wewe!" akafoka.

"Mabwawa ni sifuri, bosi. Ulitia sahihi mwenyewe."

Ikabidi nifunge jikoni kwa Mkurugenzi. Kwa kuwa Kamati ina kufuli moja tu, nilienda kuitoa kwa Nduta.

Wakwe walikula matumbo kwake, wakaongeza, na mazungumzo ya mahari yakaendelea vizuri. Mkurugenzi alifika wa mwisho. Nduta alimkaribisha kwa heshima zote, akampa kiti cha upande wa mabwawa, ambako ramani inasema hakuna harufu.