Kengele ya Macho

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Nimekuta barua sakafuni, nyuma ya mlango, ina alama ya kiatu changu mwenyewe. Mwandiko wa Kibiriti. Miaka thelathini na mmoja tumesimama kwenye mashine zilizo jirani katika kiwanda cha nguo, mimi na yeye. Anaandika kwamba jana alikuja kuniaga. Mwisho wa mwezi anahamia kwa mwanawe, mbali, safari ya siku nzima. Aligonga mpaka vidole vikamuuma. Aliniona dirishani, nimekaa, nasoma gazeti. Kama simtaki, ningesema tu.

Eti simtaki! Kibiriti! Mtu niliyemsimamia harusi!

Kosa ni lake. Anagonga kama paka anayebembeleza. Siku hizi hakuna anayegonga kama mtu mzima, na hakuna anayesema kwa sauti. Hata watangazaji wa redio wananong'ona.

Nikampigia simu. Kapokea mkewe. Naye anaongea kama ana pamba mdomoni. Nimeambulia jambo moja: Kibiriti ana kinyonga. Nikashangaa. Mzee wa miaka sabini, anafunga mizigo ya kuhama, kinyonga wa nini? Nikauliza anamlisha nini. Simu ikakatwa.

Mke wangu, aliyekuwa amesimama pembeni akisikia yote, kanieleza polepole, mdomo wazi: kinyongo. Ana kinyongo.

Siku nzima sikuweza kula vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Binti yetu amekuja na boksi. Anasema ni kengele ya watu wasiosikia vizuri. Ndani mna vitu vitatu: kitufe cha kubandika mlangoni, taa ya duara, kama sahani, inayomwekamweka kitufe kikibonyezwa, na kisahani cheusi cha kuweka chini ya mto wa kiti, nacho kinakutetemesha.

Nikamshukuru kwa niaba ya mama yake. Nikamwambia kweli, mama yake ameanza kutosikia. Mama yake alikuwa jikoni, milango miwili katikati, akajibu kwamba amenisikia.

Kisha akaingia Shemeji. Huyu ni kaka wa mke wangu, karani wa posta mstaafu, na kwa bahati yangu mbaya mlango wake unatazamana na wangu, kichochoro tu katikati. Masikio yake yamekufa kabisa, na hana hata aibu. Ana mtambo huohuo tangu mwaka jana, alinunuliwa na binti yetu huyuhuyu. Kajitolea kunifungia. Kasema jambo kubwa ni karatasi ya maelekezo, hasa ukurasa wa nne. Alisoma wake kwa siku tatu, akiufuata kwa kidole.

Nikamjibu kwamba mtu aliyetengeneza mashine za kufuma kwa miaka thelathini na mmoja hafundishwi kengele na karani wa stempu.

Karatasi nimeikunja, nimeiweka chini ya mguu wa meza. Meza sasa haichezi. Ndiyo faida yake.

Jumatano, 5 Machi

Mtambo umefungwa! Dakika ishirini. Tatizo moja tu: taa ile mtu akiiona ukutani anajua papo hapo kwamba nyumba hii ina kiziwi. Nikatafuta dawa. Nimeiweka ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya birika la wageni. Haionekani kabisa. Kazi safi.

Nikamtuma mke wangu nje ajaribu. Nikakaa nikisubiri. Nikasubiri. Mwishowe kapitia mlango wa jikoni, kasimama mbele yangu, kiganja kiunoni. Alibonyeza mara kumi na moja. Kauliza taa iko wapi. Nikamwonyesha. Kalitazama kabati, kanitazama mimi, kaenda kuanua nguo.

Lakini baadaye kafanya jambo la maana. Kampigia Kibiriti bila kuniambia. Kamweleza kwamba sikumfungia mlango kwa kiburi, ni masikio tu. (Uongo, lakini wa heri. Nimeusamehe.) Kibiriti kasema atakuja Jumamosi, saa nne asubuhi, mara moja hiyo tu. Asipofunguliwa, basi.

Nimekaa barazani jioni nikikikumbuka kiwanda. Mashine mia tatu, zote zinanguruma kwa pamoja, sakafu inatetemeka mpaka kwenye magego. Nyuzinyuzi za pamba kwenye nyusi, tukitoka tumezeeka wote. Humo ndani sauti ya binadamu haikuwa na kazi. Tuliongea kwa midomo. Unayafungua maneno makubwa, taratibu, mwenzako anayasoma upande wa pili wa ukumbi. Tulimsema msimamizi mbele ya pua yake, naye akitupungia mkono.

Na mke wangu nilimposa humohumo. Alikuwa chumba cha kukagua vitambaa, nyuma ya kioo. Nikamwuliza kwa midomo. Akanijibu kwa midomo. Siku tatu sikulala, sikujua kama alisema "nakubali" au "kaa mbali". Kibiriti ndiye aliyekwenda kumwuliza kwa niaba yangu. Alirudi anakimbia.

Alhamisi, 6 Machi

Maajabu. Kisahani cha kutetemesha kinafanya kazi kupita kiasi. Nimekikalia tangu asubuhi. Saa tatu: trrrr! Nikaruka mlangoni. Hakuna mtu. Saa tatu na nusu: trrrr! Hakuna mtu. Saa nne, chai yote mapajani. Hakuna mtu!

Mara ya tano nikachungulia vizuri. Kumbe mtu yupo, ila yuko kwa Shemeji. Fundi cherehani, kaleta suruali. Kila anayebonyeza kwa Shemeji, mimi ndiye ninayetikiswa. Mitambo imetoka kiwanda kimoja, inasikilizana. Na sikujua kama Shemeji ana wageni wengi hivyo. Wanamfuata kwa lipi?

Ndipo wazo likaja. Kama chake kinaamsha changu, basi changu kinaamsha chake.

Nikatoka, nikabonyeza kitufe changu mara moja. Nikajificha nyuma ya pazia. Mlango wa Shemeji ukafunguka! Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akaingia. Nikabonyeza tena. Akatoka, safari hii na kanzu ya kulalia. Mara ya saba alitoka na sabuni usoni.

Sijacheka hivi tangu kiwanda kifungwe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimembonyezea mara kumi na tisa. Alasiri katoka amevaa miwani, kainama kuchunguza kitufe chake, kisha kageuka polepole kutazama mlango wangu. Nadhani ameelewa. Kavuka kichochoro, kaniambia kwamba ni ukurasa wa nne: ndani ya kitufe mna swichi ndogo, jirani akiwa na mtambo kama wako unaisogeza. Nikamjibu sijui anazungumzia nini. Kaniambia kuanzia leo taa yake ikiwaka hainuki tena mpaka ahakikishe, maana magoti yake si ya kuchezewa.

Wageni wake nao wamenichosha. Kiti kimenitetemesha mpaka meno ya bandia yamelegea. Nimekichomoa kisahani, nimekitia kwenye droo. Taa ya kabatini inatosha.

Shati la kesho nimelipiga pasi mwenyewe. Lile la mistari, kitambaa cha kiwanda chetu, jora la mwisho tulilofuma mimi na Kibiriti kabla ya milango kufungwa. Kola imechakaa, lakini rangi haijapauka hata kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika usiku, shati bado sijalivua.

Saa tatu na nusu mke wangu alitoka kwenda kununua maziwa na biskuti. Kaniagiza nikae mlangoni, nisijitie ujanja wowote. Nikakaa mlangoni. Kisha nikaona jua linanipiga usoni, nikahamia ndani, kiti kinachotazama kabati. Nikaacha mlango mmoja wa kabati wazi kidogo. Birika likawa linanizuia. Nikasogeza birika. Kikombe kikaanguka. Nikawa chini ya meza naokota vigae.

Saa nne na robo, kimya. Saa nne na nusu, kimya. Nikajua haji tena. Miaka yote ile, imekwisha hivihivi. Nikaenda dirishani.

Nikamwona! Yuko kwa Shemeji! Amekaa kwenye kochi la Shemeji, anakunywa chai ya Shemeji, anasimulia kwa mikono, na Shemeji anacheka!

Nikavuka kichochoro. Nikabonyeza kitufe cha Shemeji. Kupitia dirisha nikaona taa yake inamweka ukutani, kubwa, kama radi. Shemeji akaitazama. Akatikisa kichwa. Akamwambia Kibiriti jambo, wote wakacheka tena. Hakunyanyuka.

Nikabonyeza tena. Akaigeuzia kisogo.

Nikagonga. Nikagonga kwa ngumi, kwa kiatu. Nani asikie? Shemeji hasikii, na Kibiriti alisimama kwenye mashine zilezile nilizosimama mimi. Nikaita jina lake. Majirani watatu wakatoka. Wao wawili, hapana.

Nikabaki nimesimama pale, mkono unauma, nikimtazama rafiki yangu kupitia kioo. Akaangalia saa. Akaweka kikombe. Akaanza kuvaa kofia.

Nikaegemea kioo. Akageuza kichwa kidogo tu, akaniona. Uso wake haukucheka. Basi midomo yangu ikafanya yenyewe, bila sauti, kubwa na taratibu, kama zamani:

"Uzi umekatika."

Ndivyo tulivyokuwa tukiitana kule. Uzi ukikatika huwezi kumwacha mwenzako, hata kama mmenuniana tangu asubuhi. Unakuja.

Kibiriti akasimama. Akavua kofia. Midomo yake ikajibu:

"Mashine gani?"

"Yangu," nikasema. "Sikukusikia. Wallahi sikukusikia. Sisikii, ndugu yangu."

Sijawahi kulisema neno hilo kwa mtu. Na hata leo sikulitoa kwa sauti.

"Hata mimi," akasema. "Nilibonyeza kwako, sikujua kama inalia. Huyu bwana akatoka na fimbo, akidhani ni wewe, kisha akanikaribisha."

Tukaongea pale, kioo katikati, nadhani dakika kumi. Tuliulizana kuhusu wote: nani yu hai, nani amekwenda, nani alimwoa yule wa chumba cha rangi. Shemeji alikuwa anatazama huku na huku kama mtu anayefuata mpira. Hakuambulia hata neno. Mwishowe Kibiriti akamwonyesha mlango, Shemeji akafungua.

Kibiriti alinishika shati kabla ya kunishika mkono. Akaisugua kola kwa vidole viwili, kama mkaguzi. Akasema kwa sauti, nami niliisikia vizuri, kwamba mstari wa bluu ulikuwa wake.

Mke wangu alirudi na maziwa akatukuta watatu kwa Shemeji. Kaweka biskuti mezani, kaenda kutafuta vikombe.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji kaja na bisibisi. Nimemruhusu, kwa sababu ya mke wangu. Karatasi imetolewa chini ya meza, swichi imesogezwa, taa imepigiliwa ukutani juu ya redio, kisahani kimerudi kitini. Imechukua dakika sita. Bahati tu.

Jumatano, 19 Machi

Mtambo hauna shida. Leo nimefungua mlango mara nne, na mara zote nne kulikuwa na mtu.

Lakini nimekuwa nikimfikiria Kibiriti. Maskini, masikio yake yamekwisha kabisa, wala hajui! Huko kwa mwanawe atagongewa na nani asikie? Binti yetu kaagiza boksi lingine, na mimi nimeahidi kumsindikiza Kibiriti na kumfungia kwa mkono wangu. Shemeji kajitolea kuja nasi na karatasi yake. Nimemwambia tunaondoka Jumapili, tarehe 30. Tunaondoka Jumamosi.

Nimeshafikiria mahali pa taa. Kibiriti ni mtu wa heshima zake, hatapenda ionekane. Mwanawe ana friji kubwa. Nyuma ya friji patafaa sana. Nimeshapanga mkoba: koleo, gundi, misumari. Karatasi ya maelekezo nimeitoa, inaongeza uzito.

Nilipokuwa nafunga zipu mke wangu alikuwa nyuma yangu akisema jambo, refu kidogo. Sikugeuka. Alikuwa ananisifu, najua.