Kiwango cha Ua la Mwitu

Umma ulitangaziwa, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba kuanzia siku ile hakuna ua litakaloruhusiwa kuwa la mwitu bila kibali cha Mamlaka. Msomaji wa redio alisoma tangazo lile kwa sauti ya kutetemeka, kama inavyostahili pale taifa linapopiga hatua.

Mwenye wazo alikuwa Mkurugenzi wa Mamlaka, mtu makini, ambaye hajawahi kuingia msituni kwa sababu msituni hakuna mahali pa kuegesha gari. Alikuwa amesikia kwamba okidi-nondo, yale maua yanayojipanga kwenye shina kama nondo, vipepeo wa usiku, waliotua kupumzika, yanang'olewa porini na kuuzwa kwa magendo. Akaona hatari. Akaona na nafasi, maana Waziri alikuwa anatafuta Katibu Mkuu mpya, na cheo hicho Mkurugenzi alikitaka mpaka usingizi ulimpaa.

Kanuni zikaandikwa haraka. Atakayekutwa na okidi ya mwitu bila kibali, hata awe nani, atanyang'anywa na kufikishwa mahakamani, na kama ana cheo, atakiweka kando mpaka kesi iishe. Maneno "hata awe nani" aliyaongeza Mkurugenzi mwenyewe kwa sababu yalisikika vizuri. Vibali vingeanza kutolewa baadaye, mambo yakitulia.

Ikabaki kuamua ua la mwitu likoje. Kamati ya wabobezi, yaani mhasibu, mwanasheria na mshauri wa mawasiliano, ikajifungia hotelini na kutafakari. Ikatoka na kiwango: ua liwe jeupe, pana kama kiganja cha mtu mzima, lisilo na doa, lenye haiba.

"Mwitu si uchafu," alifafanua mshauri, na wenzake wakapiga makofi.

Ukaguzi ulianzia kwa Shangazi. Huyu ni dada wa baba yake Mkurugenzi, ndiye aliyemlea, na ndiye mzalishaji wa okidi aliyejulikana mji mzima kwa maua yake na kwa ulimi wake. Mkurugenzi alitaka ionekane kwamba hapendelei ndugu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja kunisalimia au kunipora?"

"Nimekuja kikazi."

"Basi toka nje, upige hodi kikazi."

Mkurugenzi akatoka, akapiga hodi, akakaribishwa. Nyuma yake alikuja Mkaguzi, kijana wa watu aliyesoma kanuni zote na kuziamini. Bandani, okidi zilikuwa zimefungwa kwenye vipande vya magome, mizizi yake ya rangi ya fedha ikining'inia hewani. Nyingine zilikuwa na maua ya pinki yasiyozidi ukubwa wa kidole gumba, nyingine majani ya mabaka. Katikati ilikuwepo moja kongwe, yenye viua vya njano vyenye michirizi ya kahawia. Marehemu mume wa Shangazi aliinunua kihalali enzi ambazo maua hayakuwa na sheria.

"Huyu ndiye mama wa uzao wangu wote," Shangazi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Kila chotara ninayemuuza ametoka kwake. Wachukue wengine, baba. Huyu niachie."

"Tutamtunza vizuri. Tumeshaandaa ndoo za udongo."

"Udongo! Hii mizizi inataka hewa. Mtamzika mzima mzima!"

Mkurugenzi alimwonea huruma, kweli kabisa, lakini huruma haikuwa kwenye kanuni. Akamwashiria Mkaguzi, naye akatoa rula.

"Dogo," Mkaguzi alisema. "La njano. Lina michirizi. Hili si la mwitu, bosi. Ni bandia."

"Bandia?" Shangazi aliwaka. "Wewe, unajua hii imetoka wapi? Hii ni..."

Akanyamaza. Angeweza kuwaambia kwamba yale mapana meupe waliyoyaweka kwenye kiwango ni machotara ya dukani, yaliyochavushwa na kuchanganywa kizazi baada ya kizazi mpaka yakavimba hivyo, na kwamba yenyewe ya mwitu ni haya madogo. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Shangazi aliona kwamba asiye nayo ndiyo kabisa, haambiwi.

"Na uamuzi huo ni wa mwisho?" aliuliza kwa upole ambao haukuwa wake.

"Wa mwisho," alisema Mkurugenzi. "Hata mimi siwezi kuutengua."

"Basi gonga muhuri wa bandia hapa. Na ile pale. Na hiyo ya pinki, isije ikanuna."

Mamlaka ilikagua nchi nzima, na halikupatikana ua hata moja la mwitu. Mkurugenzi akaandaa hotuba ya kueleza kwamba magendo yamekomeshwa kabisa. Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa, kamera zikajipanga, na kwa mkono wake mwenyewe akampachika Waziri kwenye koti ua lililonunuliwa duka la maua asubuhi ile. Waziri akatia saini ili kanuni ziwe sheria.

"Mbele ya sheria hii," alinguruma, "hakuna mkubwa!"

Ukumbi ulishangilia. Mkurugenzi akasogelea kipaza sauti kusoma kiwango.

"Ua la mwitu litakuwa jeupe."

Watu wa mbele wakamtazama Waziri.

"Pana kama kiganja cha mtu mzima."

Wa nyuma wakasimama ili waone.

"Lisilo na doa," alimalizia Mkurugenzi, macho yakimtoka kwenye karatasi kwenda kwenye koti la Waziri. "Lenye haiba."

Mkaguzi alikuwa ameshapanda jukwaani na rula yake.

"Samahani, mheshimiwa, usitikisike." Akapima. "Limefaulu! Hili ndilo la kwanza nchini!"

Makofi yalilipuka, hata Waziri akatabasamu.

"Naomba kibali chake," alisema Mkaguzi.

Tabasamu likaganda.

"Mkurugenzi," Waziri alinong'ona, "waambie hili ni la dukani."

Mkurugenzi akaangaza macho ukumbini. Akamwona Shangazi safu ya tatu, akamng'ang'ania kwa macho kama mtu anayezama.

"Shangazi! Wewe ndiye mtaalamu. Waambie ua la mwitu likoje hasa!"

Shangazi akasimama taratibu, akaweka miwani sawa.

"Mimi, baba? Mimi nafuga bandia. Muhuri ni wako. Nikisema la mheshimiwa si la mwitu, si nitakuwa nimeipinga Mamlaka? Kuna kifungu cha kupinga?"

"Kipo," alijibu Mkaguzi kwa fahari.

"Basi mimi naketi."

Mkaguzi akamuuliza Waziri ua amelipata wapi. Waziri alinyoosha kidole kwa Mkurugenzi upesi, mithili ya mtu aliyepata wa kumtwika mzigo.

Wakapakiwa gari moja, kiti cha nyuma, magoti yakigusana.

"Ukatibu mkuu ulikuwa wako," Waziri alisema hatimaye. "Ningekutangaza baada tu ya hotuba yako."

"Asante sana, mheshimiwa," alijibu Mkurugenzi, kwa mazoea.

Mkaguzi, aliyekaa mbele, akawageukia kwa heshima zote.

"Watuhumiwa," alisema, "kimya tafadhali."