Nafasi Tupu Katika Wimbo wa Korali

Jumatatu, 3 Juni
Siku njema! Mama Pudentienne, mkubwa wa korali ya parokia, amefika studio kwangu hapa Songo. Ana nyimbo kumi na mbili. Anataka nirekodi mmoja kwanza. Ukipigwa kanisani Jumapili ukapendeza, zilizobaki ni zangu. Ukiharibika, zinakwenda kwa Étienne. Étienne! Mtu anayerekodia ndani ya kabati. Lakini mji mzima unamjua, maana kila wimbo unaotoka kwake una mabanga: unamtaja tajiri, mke wa tajiri, halafu Étienne. Mimi miaka tisa nasafisha sauti za watu, na jirani ananiita yule wa kelele.

Jumatano, 5 Juni
Tumerekodi. Waimbaji ishirini na wawili, magodoro manne ukutani, joto la kufa mtu. Wimbo mtamu kweli, nililia kidogo. Katikati wanauliza: "Nani ametuokoa?" Kisha kimya. Mapigo manne, bure! Nilimshauri Mama Pudentienne tuweke hata gitaa. Akanijibu tu: "Weye, ile fasi usiiguse." Sababu hakusema. Nami sikuuliza. Fundi ni nani hapa?

Ijumaa, 7 Juni
Nimeigusa. Kwa heshima, lakini. Jina langu tu, chinichini, na mwangwi kidogo: "Herménégilde wa Songo!" Kwenye spika zangu ndogo ni mnong'ono. Dada yangu Noella kasema nifute. Noella hajui sanaa.

Jumapili, 9 Juni
Aibu. Spika za kanisa ni kubwa kuliko friji. Na kile kimya kumbe ni cha waumini! Hapo ndipo wanapojibu "Yesu". Ningekuwa nahudhuria misa, ningejua. Korali ikauliza nani ametuokoa, kanisa zima likafungua midomo, mimi nikawatangulia. Padri akainua kichwa. Mzee mmoja akaitikia "Amina". Watoto walicheka mpaka wakati wa sadaka. Nimetokea mlango wa nyuma. Nyimbo zimekwenda kwa Étienne. Nimeumia, nilizipenda zile nyimbo.

Jumatano, 12 Juni
Nimekwenda kwa Mama Pudentienne kuomba msamaha, na mikeke minne minono mkononi. Alipokea samaki kwanza, ndipo akasikiliza. Jumamosi mpwa wake Mapendo anafunga ndoa Luvungi. Amesema niendeshe sauti kanisani. Nikimaliza bila jina langu kusikika, korali inarudi kwangu. Nimeapa mbele ya Noella.

Ijumaa, 14 Juni
Spika zimefungwa tayari kwa safari ya Luvungi. Nimesoma mpango wa misa mara mbili. Padri atauliza kama kuna mtu mwenye sababu ya kuzuia ndoa hii, kisha wote watanyamaza. Sekunde kumi nzima! Safari hii nimeuliza kwanza: wameniambia hapo hajibu mtu. Jina langu sitalitaja, kiapo ni kiapo. Nimerekodi maneno machache tu, kwa sauti nzito: "Fundi wa sauti iko hapa!"